Sura ya Sita: Namba Moja Yupo

Lilibaki chungwa moja.

Dada Mkubwa aliligeuza mkononi, huku na huku, kana kwamba litasema lenyewe ni la nani. Asubuhi alikuwa amehesabu machungwa kumi na matatu, akayamenya kwa mkono wake, akayapanga kwenye beseni na kulifunika kwa kitambaa, kwa sababu waliokwenda matembezi bwawani walikuwa watu kumi na watatu. Sasa walikuwa njiani kurudi nyumbani. Basi dogo la kukodi lilisimama kituo cha mafuta ili dereva aongeze maji kwenye rejeta, kila mtu anatafuna, na beseni halijaisha.

Akauliza nani hajala. Wajukuu saba walikuwa wamelowa maji ya machungwa hadi viwikoni. Mdogo wake anayemfuata, ambaye ni kinyozi na huitwa Kinyozi hata na mkewe, alikuwa amemaliza lake zamani na analikodolea macho lile lililobaki kama mtu aliyekwisha kujigawia. Kiti cha nyuma kabisa, mke wa mdogo wao wa mwisho aliacha kutafuna. Huyu ndiye Sajenti. Miaka kumi na moja ya kitengo cha upelelezi, kesi za ng'ombe walioibwa na vyeti vya kughushi, ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kikizidi, ujue kuna mwenyewe aliyepungua.

Alisimama akapita katikati ya viti mpaka mbele, nyuma tu ya dereva. Pale alionekana amelala Mzee, baba wa ukoo wote huu na baba mkwe wa Sajenti, koti limemfunika, kofia imemshukia usoni. Tangu watoke bwawani watu walikuwa wakinong'ona wasimwamshe. Sajenti alimgusa begani kwa adabu zote za mkamwana. Bega likabonyea. Akainua kofia, na chini ya kofia kulikuwa na chupa kubwa ya maji, imesimamishwa juu ya mkoba.

"Dada," alisema, "Mzee hayumo."

Ingekuwa siku nyingine wangepiga kelele kidogo, wakarudi kumchukua, na mwaka ujao wangelicheka. Lakini leo saa mbili usiku kulikuwa na kikao. Mzee alikuwa anaishi peke yake tangu mkewe afariki, na alipenda hivyo: nyumba yake, redio yake, kuku wake wanne. Dada Mkubwa alitaka ahamie kwake, nyumba ile ifungwe, kuku wachinjwe. Kinyozi alikuwa upande wa Dada Mkubwa. Mdogo wao wa mwisho, Fundi, mume wa Sajenti, mtengeneza friji, alikuwa upande wa Mzee, peke yake. Sajenti hakuwa na kura, maana mke wa mtu kwenye kikao cha ukoo kazi yake ni kuleta chai.

Na Dada Mkubwa alikuwa na ushahidi. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na saba, na kwake jambo lisiloandikwa halijatokea. Daftari lake la jalada gumu lilikuwa na ukurasa mzima wa Mzee, kwa namba: ameacha bomba wazi; amesahau kofia zahanati; amemwita mjukuu mmoja kwa jina la mwingine; na kadhalika hadi namba sita. Sasa, basi likiwa bado limesimama na watu wamepigwa na bumbuwazi, alichomoa kalamu nyekundu akaandika: saba, amepotea bwawani.

"Nilisema mimi," alisema. "Nilisema baba yenu hawezi tena kuwa peke yake, mkaniona mnoko. Haya, semeni sasa."

Fundi alipiga simu ya Mzee, ikaita ndani ya koti.

*

Basi liligeuzwa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na geti la bustani ya bwawa hufungwa saa kumi na mbili juu ya alama. Wangefika kwa nafasi nzuri kama dereva angekuwa dereva mwingine. Huyu aliitwa Mwendopole, na jina hakupewa kwa kuonewa. Gari lake lilikuwa na springi moja ya mashaka na yeye alikuwa na imani moja, kwamba atakayefika ni yule anayekwenda. Mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa aliwapita, akawapungia mkono.

Kinyozi alianza kusema kuhusu kina cha maji. Alisema lile bwawa upande wa matete si la mchezo, na mtu mwenye miaka sabini na nane na fimbo, akiteleza pale, basi. Mkewe akaanza kulia, watoto wawili wakamfuatisha. Fundi hakulia, ila uso ulimpauka, akawa anaifungua na kuifunga bisibisi yake ya kukunja bila kujua. Sajenti alimwona. Hata kwake yeye Mzee alikuwa kipenzi, kwa sababu siku alipoletwa kwenye ukoo huu ni Mzee peke yake aliyemwita Sajenti bila kucheka, akamuuliza kesi za ng'ombe huanzia wapi.

Aliomba ruhusa ya kuuliza maswali mawili matatu. Dada Mkubwa alimwambia wifi, hapa si kituoni. Sajenti akajibu kwamba ni kweli Dada, na ndiyo maana anaomba.

Alianza na koti. Alilishika mbele ya wote na kutoa vitu mfukoni kimoja kimoja, akavipanga juu ya kiti: simu, miwani, vidonge vya presha, leso. Lile chungwa nalo alilichukua kutoka kwenye beseni, akalifunga kwenye leso safi akaliweka pembeni. Kinyozi alipouliza kwa nini, aliambiwa hicho ni kielelezo.

"Mtu anayetangatanga haachi koti lake limekalia kiti," Sajenti alisema. "Koti hili limewekwa na mtu aliyetaka nafasi yake isichukuliwe. Alipanda humu, akaweka vitu vyake, akashuka kwa shughuli fupi. Alijua anarudi."

"Au alishuka akasahau alichoshukia," alisema Dada Mkubwa. "Ndiyo yenyewe hiyo ninayoisema kila siku."

Hoja ilikuwa nzuri, kwa hiyo Sajenti aliiacha akasogea kwa dereva. Mwendopole alihojiwa akiwa kwenye usukani, jambo ambalo kwa gari jingine lingekuwa la hatari.

"Ulimwona Mzee akipanda?"

"Nilimpa mkono mimi mwenyewe."

"Ukamwona akishuka?"

"Nilimwona."

Basi zima likageuka kumtazama. Fundi alimuuliza kwa nini hakusema muda wote huo. Mwendopole alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na tena yeye alimwona mtu anashuka, kisha akamsikia Mwalimu anasema hesabu imetimia, twende. Sasa yeye darasa la sita ni nani wa kubishana na hesabu ya mwalimu mkuu.

"Alikuwa na nini mkononi?"

Dereva alifikiri kwa mwendo wake. Fimbo, alisema. Na mkono wa pili kitu kinang'aa, lakini chini cheusi ti, kama kimetoka motoni.

Sajenti aliwageukia watu wa ndani. "Birika la leo asubuhi liko wapi?"

Hapo ikabidi wakumbushane. Asubuhi, walipokwisha kutandika majamvi kando ya maji, iligundulika kwamba vikombe vimekuja, majani yamekuja, sukari imekuja, ila birika limebaki nyumbani juu ya meza. Dada Mkubwa alikwenda mwenyewe kwenye kibanda cha mtunza bwawa, ng'ambo ile nyuma ya miti, akaazima la kwake. Mtunza bwawa alisita kidogo, kwa kuwa ndilo birika lake pekee. Dada Mkubwa akamwambia yeye ni mwalimu mkuu na analitolea ahadi.

"Liko kwenye kikapu cha kijani," alisema Dada Mkubwa. "Nimelifungasha mwenyewe."

Kikapu cha kijani kikafunguliwa. Kulikuwa na vikombe, kopo la sukari, kitambaa cha meza, na duara la masizi mahali ambapo birika lilikuwa limekaa. Sajenti alilipitisha kidole, akakiinua kidole cheusi wote wakione.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Watu wazima watano waliokuwa na akili zao timamu, mmojawao askari, walikuwa wanaondoka na birika la watu kwenye kikapu. Mzee, ambaye hakumbuki, ndiye aliyekumbuka. Akalichomoa, akaenda kulirudisha. Sajenti aliwatajia na dakika: kwenda kwenye kibanda, kwa miguu ya Mzee na fimbo, dakika kumi; kurudi kumi. Basi lilikaa dakika sita baada ya kufungasha, likaondoka. Hakuwa majini, alikuwa kwenye njia ya kibanda, na kama mtunza bwawa ni mtu wa watu, sasa hivi wamekaa pamoja.

Mke wa Kinyozi aliacha kulia akapenga kamasi. Fundi aliikunja bisibisi akairudisha mfukoni. Sajenti naye alishusha pumzi ambayo hakujua kama aliibana.

*

Lakini Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kushindwa kwa birika.

"Sawa," alisema. "Nashukuru kwa hilo, Mungu mkubwa. Lakini bado alishuka bila kuaga. Mtu mwenye kumbukumbu zake anaaga." Na daftari akalifunga, maana yake namba saba inabaki.

Basi likasonga. Sajenti alirudi kiti chake, akakaa, na hakutulia. Kulikuwa na kitu kimoja hakijakaa sawa. Ukoo huu ulikuwa na utaratibu wake wa matembezi, umewekwa na Dada Mkubwa tangu mwaka ule mjukuu mmoja aliposahaulika kwenye choo cha ufukweni. Kila mtu ana namba. Mzee moja, Dada Mkubwa mbili, Kinyozi tatu, mkewe nne, Fundi tano, Sajenti sita, halafu watoto saba hadi kumi na tatu. Kabla gari halijaondoka Dada Mkubwa husimama kwenye ngazi ya mlango, daftari mkononi, anaita namba na mtu anaitikia. Namba moja isipoitika gari haliondoki. Na leo hesabu ilikuwa imetimia.

"Nani aliitikia namba moja?" aliuliza kwa sauti.

Ndiyo maajabu ya ushahidi wa macho na masikio. Wote walikuwa na hakika iliitikiwa. Kinyozi alikaa nyuma ya kile kiti, akaapa kwamba aliisikia kwa masikio yake haya. Alipoulizwa ilikuwa sauti ya nani, alisema ilikuwa sauti ya kawaida tu ya namba moja. Mkewe alisema aliisikia pia. Fundi hali kadhalika. Kilichomuudhi zaidi Sajenti ni kwamba hata yeye aliisikia, na kama angeitwa mahakamani angesimama kizimbani na kuapa.

Kinyozi akapata wazo, na macho yake yakaenda kwa binti yake wa miaka kumi, namba tisa. Mtoto huyu aliitwa Kasuku kwa kuwa hakuna sauti asiyoweza kuiiga. Mwezi uliopita alimpigia simu mama yake kwa sauti ya mwalimu wa darasa, akajipa ruhusa ya siku mbili. Mara moja basi zima liliona kesi imekwisha. Dada Mkubwa alisema alijua tu, na kwamba mtoto anayecheza na namba ya babu yake anacheza na roho ya babu yake. Baba mtu akaanza kufungua mkanda.

Sajenti alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Ulimwigiza Babu?"

Kasuku alikuwa na machozi, lakini zaidi alikuwa ameudhika, kama fundi anayesingiziwa kazi mbovu. "Ningekuwa mimi ningekohoa kwanza," alisema. "Babu hasemi kitu bila kukohoa. Mlisikia kikohozi?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyesikia kikohozi. Sajenti akamfuta machozi kwa ncha ya khanga ya mama yake na kumwambia Kinyozi arudishe mkanda mahali pake. Kisha akasimama, akavuta pumzi, akajipanga, kwa sababu alichotaka kufanya sasa mkamwana mwenye akili hakifanyi.

"Dada," alisema, "samahani sana. Naomba utuhesabu tena."

"Nihesabu nini? Asiyekuwepo si tunamjua?"

"Tunamjua. Nakuomba tu usimame pale pale kwenye ngazi, ushike daftari, uite kama ulivyoita bwawani. Anayejibu namba moja atajibu tena. Ni mazoea yake, hawezi kuyazuia."

Dada Mkubwa aliwatazama watoto mmoja mmoja, kwa lile jicho lililowahi kuwafanya wavulana wa darasa la saba wakiri hata makosa ya kaka zao. Wazo la kumnasa mhalifu lilimkolea. Aliinuka, akashuka kwenye ngazi ya ndani ya mlango, akajishika kwenye bomba, akafungua daftari, akainua kidevu.

"Moja yupo mbili mimi tatu?"

"Nipo," aliitikia Kinyozi, kwa mazoea.

Mke wa Kinyozi, namba nne, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwendopole aliondoa mguu kwenye mafuta, ingawa kwa mwendo wake tofauti haikuonekana.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza Dada Mkubwa. "Nne! Nimesema nini mimi?"

Hakuna mtu mzima aliyethubutu. Kasuku, ambaye hakuombwa, aliurudia mstari mzima kwa sauti ya shangazi yake, hata kidevu alikiinua vile vile, na ndani yake mlikuwa hamna nafasi ya kupenyeza hata unywele: "Moja yupo mbili mimi tatu?"

Dada Mkubwa alishikilia bomba lile kwa mikono miwili.

Sajenti alieleza kwa sauti ya chini, macho yake yakitazama sakafu, maana wifi mkubwa hatazamwi usoni anapovuliwa nguo. Alisema si kosa la leo. Mwaka wa kwanza wa utaratibu huu Mzee alikataa kuitika. Alisema yeye ndiye aliyewazaa, hawezi kugeuka mbuzi wa kuhesabiwa mlangoni. Ili pasiwe na ugomvi mbele ya watoto, Dada akamwitikia. Mwaka wa pili akamwitikia, na wa tatu. Ni miaka sita sasa, na masikio ya wote yamezoea. "Hata mimi nilisikia, Dada, nikaona ni sawa. Na mimi ndiyo kazi ninayolipwa."

Dada Mkubwa alilifunga daftari. Alirudi kiti chake akakaa, na njia yote iliyobaki alitazama dirishani, daftari limelala mapajani.

*

Walifika saa kumi na mbili kasorobo. Mnyororo ulikuwa umeshapitishwa nusu kwenye geti. Walishuka wakaenda mbiombio kuzunguka maji, ambayo jioni ile yalikuwa yametulia vizuri kabisa, mabata wanapanda ukingoni mmoja mmoja. Ingekuwa mandhari nzuri kama mtu angekuwa na muda wa kuyatazama.

Kibandani, Mzee alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, amevaa koti la mvua la mtunza bwawa, anacheza naye drafti kwa vizibo vya chupa. Birika lilikuwa juu ya jiko, linatoa mvuke. Nyuma yao friji kuukuu ya kuuzia soda ilikuwa inanguruma na kukata, inanguruma na kukata. Asubuhi Fundi alikuwa ameisikia, akataka kuifungua, mkewe akamkataza kwa kuwa walikuja kutembea. Mzee alisukuma kizibo kimoja, akakohoa.

"Nilimwambia huyu mtarudi saa kumi na moja na nusu," alisema. "Mmechelewa."

Fundi alimkumbatia baba yake mpaka vizibo vikamwagika. Watoto wakamrukia. Kinyozi alisema kwa sauti kubwa kwamba yeye hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Dada Mkubwa alibaki mlangoni, na alipouliza, sauti ilikuwa ndogo kuliko ile wanayoijua.

"Baba, ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote. Mlioondoka ni ninyi."

"Lakini hukuniaga."

Mzee alianza kuokota vizibo, akivipanga upya kwenye ubao. "Nilikuaga, mwanangu. Ulikuwa unahesabu vikapu. Nikakwambia, narudisha birika la watu, nisubirini. Ukasema, haya Baba, haya."

Sajenti alimtazama Dada Mkubwa. Alikwisha kuona watu wengi wakikiri, wengine kwa makelele, wengine kwa wakili. Huyu alisimama tu, midomo inacheza, na ilionekana wazi kabisa dakika ambayo alikumbuka.

"Nilisema haya," alisema Dada Mkubwa. Machozi yakamtoka bila kujificha. "Kweli nilisema. Nisamehe, Baba."

Mzee alimwambia aache, watoto wanamwona, na mtu huyu anataka kufunga geti lake. Dada Mkubwa akafungua daftari pale pale mlangoni. Aliipiga namba saba mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kwa rula ya kidole, na kwa kuwa mwalimu hapendi kuacha pengo, aliandika chini yake: aliachwa, na mimi. Mtunza bwawa alilishika birika lake kwa mikono miwili mpaka Dada Mkubwa alipokwisha kutoka.

*

Kwenye basi Mzee alivaa koti lake, akavaa kofia yake, akakaa. Sajenti alifungua leso akamkabidhi kile kielelezo. Kinyozi aligeuza uso. Mwendopole aliwasha gari, na Dada Mkubwa akapanda kwenye ngazi ya mlango, daftari mkononi.

"Moja," aliita.

Hakuna aliyeitika. Dada Mkubwa aliufumba mdomo, akaufunga kabisa, na watu waliokaa karibu waliona alivyojikaza. Mzee alichambua kipande cha chungwa, akakila polepole, akatema kokwa kiganjani. Gari lilinguruma. Watoto hawakupumua.

"Moja," aliita tena.

Mzee alikohoa. "Nipo," alisema. "Na nitashukia kwangu."

Dada Mkubwa alitazama daftari, kisha akamtazama baba yake. Alikuwa amekwisha kuandaa hata chumba, mapazia mapya ya bluu, na Sajenti alijua.

"Mbili mimi," alisema. "Ashukie kwake. Tatu?"

Kinyozi alikuna kichwa, akatazama mbele na nyuma kama kuna mtu wa kumsaidia. "Nipo," alisema. "Kwake."

"Nne?"

"Nipo. Na wale kuku mwacheni nao," alisema mke wa Kinyozi, ambaye pia hakuwa na kura.

Kwa hiyo kikao cha saa mbili kilikwisha saa kumi na mbili, bila chai. Sajenti aliegemea kiti, akafumba macho. Kesi ilikuwa imefungwa, mzee amerudi, hakuna aliyechapwa, na wifi yake huenda akamsamehe kabla ya mwaka mpya.

"Tano?" aliita Dada Mkubwa.

"Yupo," alisema Sajenti.

Alifumbua macho. Watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama yeye, halafu kiti cha Fundi kilicho kando yake. Kiti kilikuwa kitupu. Kutoka ng'ambo ya maji, nyuma ya miti, ile ngurumo ya friji ilikata, ikakaa kimya kidogo, ikarudi ikiwa imenyooka na safi kabisa.

Mzee alikohoa.

"Mwanangu," alimwambia Dada Mkubwa, "fungua daftari. Mwandike na Sajenti."